Pata elimu ya afya bila kuacha jina lako

Msomaji wangu, wiki hii naomba tuweke kando kidogo lishe, chanjo na presha. Tuzungumzie njia ambayo elimu ya afya inapita hadi kukufikia. Nalo ni suala la afya, kwa sababu ushauri mzuri ukipita njia mbaya unaweza usikufikie kabisa, au ukamfikia mtu mwingine kabla yako.

Hivi karibuni nilikuwa Kibiti nikizungumza na kina mama waliotoka kliniki ya watoto. Baadhi yao walikuja kwa boti kutoka vijiji vya delta hadi Nyamisati, kisha wakapanda gari. Niliwauliza wanapata wapi mafunzo ya malezi wakiwa nyumbani. Mama mmoja wa makamo, aliyemsindikiza mkwewe, alinijibu huku akicheka: "Mwanangu, wapo watu walipita wakaandika majina yetu na barua pepe, wakasema watakuwa wanatutumia masomo kila wiki. Mimi hata hiyo barua pepe sijui inafunguliwaje. Aliyenitengenezea ni kijana wa duka la simu, siku niliponunua simu."

Nikamuuliza neno la siri analo nani. "Analo yeye mwenyewe," akasema, na wenzake wakaitikia kwamba hata wao ni hivyo hivyo.

Maneno ya mama huyo yalinifikirisha. Simu janja nyingi tunazotumia hapa nchini huomba akaunti ya barua pepe siku ya kwanza, vinginevyo huwezi kupakua programu yoyote. Kwa hiyo muuza simu anafungua akaunti haraka haraka, anabuni neno la siri, anakukabidhi simu na maisha yanaendelea. Baada ya hapo mwenye simu hafungui tena barua pepe hata siku moja. Anatumia WhatsApp, anapiga na kupokea simu, anatuma na kutoa pesa. Sanduku la barua lipo, lakini mwenyewe halijui na ufunguo anao mtu mwingine.

Sasa fikiria masomo ya uzazi wa mpango, kifua kikuu au dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI yanatumwa kila wiki kwenye sanduku hilo. Aliyelengwa hasomi, na mwenye neno la siri akitaka anaweza kusoma.

Kwa nini barua nyingine hazifiki

Hata kwa wale wanaozijua barua pepe zao, njia hii ina vikwazo. Akaunti ya bure ya Google hutoa nafasi ya GB 15, na nafasi hiyo inagawanywa kati ya barua, mafaili na picha zinazohifadhiwa mtandaoni. Tangu Juni 2021, picha unazohifadhi kwenye Google Photos zinahesabiwa humo. Picha na video za harusi, za ngoma na za wajukuu zikijaza nafasi hiyo, barua mpya hazipokelewi mpaka upunguze. Mtumaji anaona orodha yake ina watu wengi, kumbe baadhi ya masanduku yalijaa zamani.

Halafu kuna kichujio cha barua taka. Kampuni za barua pepe zinapambana na matapeli, na katika kupambana huko barua halali nazo hukamatwa. Kuanzia Februari 2024 Gmail iliweka masharti makali zaidi kwa wanaotuma barua nyingi kwa siku: wathibitishe kwamba anwani ni yao kweli, na wampe mpokeaji njia rahisi ya kujitoa. Masharti hayo ni mazuri kwa mpokeaji, lakini kwa mradi mdogo wa afya usio na fundi wa kompyuta ni kazi ya ziada.

Kuna jambo la tatu ambalo wengi hawalijui. Majarida mengi yanayotumwa kwa barua pepe hubeba kipicha kidogo kisichoonekana kwa macho. Ukifungua barua, kipicha hicho kinaitwa kutoka kwenye kompyuta ya mtumaji, naye anajua kwamba barua imefunguliwa, na saa ngapi. Kwa muuza viatu hilo ni jambo dogo. Kwa mtu anayesoma kuhusu dalili za kaswende ni jambo kubwa.

Nani anabaki na anwani ya nani

Hapa ndipo ninapotaka uzingatie, msomaji wangu. Ukijiandikisha kupokea barua, mwandishi ndiye anayebaki na anwani yako. Ipo njia nyingine ambayo wewe ndiye unayebaki na anwani ya mwandishi. Njia hiyo inaitwa mlisho wa wavuti, na wengi wanaijua kwa herufi tatu, RSS.

Chukua mfano wa ubao wa matangazo nje ya ofisi ya mtendaji wa kijiji. Anayetaka anasimama, anasoma, anaondoka. Mtendaji haandiki jina lako wala tangazo ulilolisoma. Mlisho unafanya kazi kwa namna hiyo. Ni faili dogo la maandishi ambalo tovuti hulitengeneza yenyewe kila makala mpya inapowekwa. Ndani yake kuna kichwa cha makala, tarehe, kiungo, na mara nyingi makala yote. Kwenye simu yako unaweka programu ya kusomea milisho na kuiambia ifuatilie tovuti hii na ile. Kila baada ya muda unaouchagua, programu inapita huko kuuliza kama kuna jipya. Likiwepo inalileta, lisipokuwepo inarudi bila kula bando la maana.

Hakuna mahali ulipoandika jina, namba ya simu wala barua pepe. Ukichoka na tovuti fulani unaifuta kwenye programu yako na habari zake zinakoma siku hiyo hiyo. Humwombi mtu akutoe kwenye orodha yake, kwa sababu hukuwahi kuwa humo.

Sikuambii kwamba mlisho unakufanya usionekane kabisa. Kompyuta inayohifadhi tovuti inaona kwamba kifaa fulani, kwenye mtandao wa kampuni fulani ya simu, kimekuja kuuliza. Lakini haipati jina wala namba yako, na mwandishi wa afya hana orodha ambayo kesho inaweza kuibwa, kuuzwa au kusahauliwa kwenye kompyuta ya ofisi iliyofungwa.

Njia hii si ngeni. RSS ilianza mwaka 1999 katika kampuni ya Netscape ya Marekani. Kwa miaka mingi wapenzi wake wengi walitumia Google Reader, mpaka Google ilipoifunga Julai 1, 2013, na watu wakadhani milisho imekufa. Haikufa. Kama unasikiliza podikasti, tayari unaitumia: programu yako inajua kipindi kipya kimetoka kwa sababu inasoma mlisho wa RSS wa kipindi hicho. Kwa asiyesoma vizuri au mwenye macho yaliyochoka hii ni habari njema, kwa sababu somo la afya linaweza kumfikia kwa sauti kwa njia hiyo hiyo.

Taarifa za afya si mali ya kuokota

Watu wa Rufiji na Kibiti hawana tabia ya kuogopa kuandikwa. Kabla Kibiti haijawa wilaya inayojitegemea, tangu mwaka 1998, kaya za vijiji vingi vya bara katika eneo hili zimekuwa zikitembelewa na wahojaji wa mfumo wa ufuatiliaji wa afya na idadi ya watu, ambao baadaye ulisimamiwa na Taasisi ya Afya Ifakara kutoka kituo chake cha Ikwiriri. Wahojaji waliuliza nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama. Takwimu hizo zilisaidia kujua magonjwa yanayoua watu na fedha za afya zielekezwe wapi. Kuandikwa kwa namna hiyo kuna sababu, kuna utaratibu, na kuna taasisi ya kuulizwa.

Lakini kusoma makala kuhusu kuhara kwa mtoto hakuhitaji daftari. Hapo ndipo tunapochanganya mambo. Mradi unakuja, unaitisha majina, namba na barua pepe za wanaotaka masomo ya VVU, na orodha hiyo peke yake tayari ni siri nzito. Anayeiona hahitaji kusoma hata somo moja ili aanze kunong'ona mtaani.

Sheria yetu inalitambua hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, akueleze anazikusanya kwa sababu gani, na azilinde. Basi akija mtu na karatasi mkutanoni, una haki ya kumuuliza: ndugu yangu, jina langu unalitaka la nini, na nani mwingine ataliona?

Jinsi ya kuanza

Kwa wenye simu za Android, ingia Play Store utafute programu iitwayo Feeder. Ni ya bure na haikuombi kufungua akaunti. Ukiifungua, bonyeza sehemu ya kuongeza mlisho, andika anwani ya tovuti unayoitaka, nayo itajaribu kuutafuta mlisho yenyewe. Ikishindwa, na kama tovuti hiyo imetengenezwa kwa WordPress, ongeza neno /feed mwishoni mwa anwani. Mara nyingi utakuwa umefika. Tovuti nyingi za WordPress zina mlisho hata kama wenyewe hawajui.

Shirika la Afya Duniani lina mlisho wa habari zake kwa Kiingereza, na BBC Swahili inao kwa lugha yetu. Kwa sauti, tumia AntennaPod, ambayo pia ni ya bure na haitaki akaunti. Programu nyingine kama Feedly ni nzuri, lakini zitakuomba ujisajili, kwa hiyo zitakurudisha kwenye kuacha anwani.

Kisha fanya mambo mawili kwenye mipangilio. Kwanza, iambie programu ihifadhi makala nzima na si kichwa tu. Pili, zuia isivute habari kila wakati. Ivute pale unapoiruhusu. Kwa mtu wa Salale au Mbwera, ambako katikati ya mikoko mtandao unakuja na kuondoka, faida yake iko hapa. Ukiwa Kibiti mjini unafungua programu, inavuta makala kwa dakika chache, kisha unazima data. Makala zilizohifadhiwa utazisoma ukiwa ndani ya boti ukisubiri maji yajae, au nyumbani usiku, bila bando. Makala ya maandishi matupu ni nyepesi mno ukilinganisha na video moja ya dakika mbili.

Pale mlisho usipofaa

Nisikudanganye kwamba njia hii inatibu kila kitu. Mlisho haujui wewe ni nani, kwa hiyo hauwezi kukuambia jambo linalokuhusu wewe peke yako. Wengi mnakumbuka kampeni ya Wazazi Nipendeni iliyozinduliwa mwishoni mwa mwaka 2012. Mama alituma neno "mtoto" kwenda namba 15001 bila malipo, akaeleza ujauzito una muda gani, na baada ya hapo akapokea ujumbe unaolingana na umri wa mimba yake: sasa ni wakati wa kliniki, sasa jiandae kwa kujifungua. Ilifanya kazi hata kwenye simu ya kitochi. Huduma ya aina hiyo lazima ikujue, na hapo kutoa taarifa kuna maana.

Mlisho pia si njia ya dharura. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipozikumba Rufiji na Kibiti, na kimbunga Hidaya kilipofika Mafia mwanzoni mwa Mei mwaka huo huo, mtu hakupaswa kusubiri programu ipite kuuliza kama kuna jipya. Onyo la hali ya hewa, la kuhama bondeni au la kuchemsha maji ya kunywa linahitaji redio, kipaza sauti cha msikiti, ujumbe mfupi, mwenyekiti wa kitongoji na mhudumu wa afya wa jamii anayepita nyumba kwa nyumba.

Tena, kama simu ni ya familia nzima, anayeishika anaweza kufungua programu na kuona unachofuatilia. Ushauri wangu ni kwamba ufuatilie chanzo kinachoandika mambo yote ya afya ya familia, siyo kile cha ugonjwa mmoja. Mwenye kusoma habari za afya kwa ujumla hajaonyesha ni ipi iliyomhusu. Na neno la siri la simu yako, pamoja na la barua pepe, libadilishe mwenyewe wiki hii. Kama hujui namna, mwombe mwanao au mdogo wako unayemwamini akuonyeshe, lakini uliandike wewe kwa mkono wako.

Najua wengi mtaniuliza: dada, WhatsApp je? Kundi la WhatsApp linaonyesha namba yako kwa kila aliyemo. Kwa hiyo kundi la wanaotumia dawa fulani si mahali pa kuingia bila kufikiri. Chaneli za WhatsApp, zilizoenea duniani mwaka 2023, ni tofauti: wafuasi wengine hawaoni namba yako, na mwenye chaneli asiyekuwa na namba yako kwenye simu yake haioni pia. Kwa upande wa kuficha namba, chaneli inakaribia mlisho. Ila chaneli ni ya kampuni moja, ikibadilisha masharti wote mnafuata. Mlisho hauna mwenyewe, tovuti yoyote inaweza kuutoa na programu yoyote inaweza kuusoma.

Neno kwa wanaoandika na wanaofundisha

Ninyi wenzangu mnaoendesha tovuti za afya, na ninyi wauguzi na maofisa wa miradi mnaotaka kuwafikia kina mama wa delta, nina maombi matatu. La kwanza, onyesheni mlisho wenu mahali panapoonekana, na muweke makala yote ndani yake. Mlisho wenye mistari miwili na kiungo cha "soma zaidi" hauna msaada kwa mtu aliyekwisha kuacha mtandao nyuma yake Nyamisati.

La pili, msifute barua pepe kwa wanaozitaka. Wapo walimu, maofisa na ndugu zetu walio mijini wanaosoma barua zao kila asubuhi. Lakini msitegemee njia moja. Julai 2021 Google ilianza kusitisha huduma ya FeedBurner ya kutuma makala kwa barua pepe, na waandishi wengi walilazimika kuchukua orodha zao na kutafuta mtumaji mwingine. Wasomaji waliokuwa wakifuatilia kwa mlisho moja kwa moja kutoka kwenye tovuti hawakuguswa na mabadiliko hayo.

La tatu ni gumu zaidi. Mlisho haukupi hesabu nzuri. Hutajua ni watu wangapi hasa wanaokusoma, na mfadhili anapouliza "mna wafuatiliaji wangapi?" hutakuwa na jedwali la majina. Naelewa shinikizo hilo. Lakini jina la mama lililoandikwa kwenye daftari, huku barua pepe yake ikisomwa na muuza simu, si mtu aliyefikiwa. Ni afadhali kuripoti idadi ndogo ya kweli, na kwenda kuuliza kliniki ni wangapi wamekuja na swali lililotokana na mlichoandika.

Na wewe msomaji, karatasi ya kujiandikisha itakapokufikia mkononi, uliza kwanza kama yapo masomo hayo mahali unapoweza kuyafuata mwenyewe bila kuacha jina. Kama yapo, chukua anwani yao uondoke nayo. Kama hayapo, na huduma yenyewe inahitaji kukujua, andika kwa hiari yako ukijua jina lako linakwenda wapi.

Tukutane wiki ijayo. Mungu akipenda tutarudi kwenye lishe ya mtoto aliyetimiza miezi sita.